Noti Kichwani kwa Warda

Mapenzi ya Mize na Hafidhi hayakuuawa na njaa. Naanza na hilo kwa sababu hapa Utende ndivyo wanavyosema, na binti akisikia hivyo anakimbilia kutafuta mume mwenye fedha, akidhani amepona. Sivyo, wanangu. Njaa walikula nayo sahani moja tangu Safia wao aanze shule, na wakacheka nayo. Kilichowafika ni kingine, nacho hakichagui nyumba. Kaeni kitako.

Juu ya kabati la chumbani kwao yalisimama makopo matatu ya maziwa ya unga, yale makubwa. Moja la fedha ya chakula, moja la shule ya Safia, na la tatu, lililofungwa kitambaa chekundu, la deni. Deni lenyewe lilikuwa la mashine ya boti. Hafidhi alikopeshwa na Bi Biubwa, mama mwenye duka la nguo na vyombo kule Kilindoni, ili apate kuvusha wageni wa hoteli kwenda Chole na kuwatembeza kwenye matumbawe. Kila mwezi alimpelekea laki moja. Mwezi ukipita bila laki, mashine inarudi kwa mwenyewe. Hapakuwa na karatasi. Walipeana maneno, watu wazima wawili, na Mungu akisikia.

Jioni Hafidhi akirudi pwani hukaa ukingoni mwa kitanda, shati bado lina chumvi, akamwekea mkewe viganjani alichopata.

“Bi Hazina, gawa.”

Mize hugawa. Hakuona taabu. Alizaliwa Jibondo, kisiwa kikavu ambacho maji yake yalikuja kwa mashua, na kule mtoto wa kike hufundishwa kuoga kwa kata mbili, ya tatu aombe ruhusa. Chai kavu haikumtisha. Ugali kwa dagaa Jumamosi mpaka Alhamisi haukumtisha. Ikibaki sarafu isiyo na kopo, Hafidhi humwambia, “Hiyo ya mapenzi,” wakanunua kashata moja wakaigawa kwa meno.

“Umeuma kubwa, Baba Safia!”

“Meno ndiyo makubwa. Mimi nifanyeje?”

Basi wakicheka, ukipita nje ungedhani ndani wanakula biriani.

Ikaja masika. Hoteli zikafunga milango kama zifanyavyo kila mwaka mvua zikianza, wageni wakaondoka, boti ikalala. Hafidhi akawa anakwenda kuvua kwenye mashua za watu kwa fungu dogo. Kopo jekundu likawa linajaa kidogo kidogo, kama kisima cha kiangazi. Na ndani ya shida hiyo ukaingia mwezi wa mfungo mosi, ule unaofuata Ramadhani, na harusi zake.

Warda alikuwa anaolewa. Warda ni binti wa Bi Aziza wa Jibondo, na Bi Aziza ndiye mama mdogo wa Mize, aliyemlea tangu mama yake mzazi alipofariki. Siku Mize alipoolewa, Bi Aziza alimtuza mbele ya wanawake wote. Alimpangia noti kichwani mpaka mtandio haukuonekana, akamwongezea doti mbili za kanga. Na kwetu, aliyekutuza kwenye ngoma yako unamtuza kwenye ngoma yake, au ya mwanawe. Hakuna anayekudai kwa mdomo. Lakini kila mwanamke anakumbuka.

“Kesho kutwa ndiyo ngoma ya Warda,” Mize alisema akimwagia mumewe maji ya kunawa. “Kuna sare ya kijora, na kuna kutuza.”

Hafidhi alinawa polepole. “Tuna kopo la ngoma?”

“Hatuna.”

“Basi.”

“Basi nini, Baba Safia? Yule ndiye mama yangu. Nilituzwa nikafunikwa. Niende nikakae kama niliyekuja kuomba moto?”

“Nenda ukapike. Nenda ukasonge, ukabebe maji, ukaimbe. Mikono yako si kitu?”

“Mikono huonwa jikoni. Kwenye ngoma huonwa noti.”

“Mize.” Alimtazama, na macho yake yalikuwa yamechoka namna ambayo mkewe hakuwahi kuiona. “Deni la mashine likituelemea tunalala njaa. Deni la ngoma likituelemea tunaona haya tu. Haya haziui.”

“Wewe haya hazikuui. Mimi zinaniua.”

Hafidhi alitaka kumwambia neno. Mize aliliona limefika kwenye midomo. Kisha akaifuta mikono kwenye seruni, akatoka kwenda msikitini.

Sasa niwaambie alilolimeza. Asubuhi ile alikuwa ametoka Kilindoni kwa Bi Biubwa. Alikaa barazani pa duka lake kama mtoto aliyeitwa na mwalimu, akamweleza: hoteli zimefunga, kopo ndiyo kwanza limepita nusu, amvumilie mpaka zifunguliwe. Bi Biubwa akamjibu, “Nusu siitaki, nusu ni ya kumpa ombaomba. Nitakungoja, Hafidhi, kwa sababu umekuja kwa miguu yako ukasema kweli kwamba kwako hamna kitu. Lakini nikisikia umekula sherehe na fedha yangu, siku hiyo hiyo mashine naifuata.” Hafidhi akarudi na ahadi hiyo kifuani, na aibu hiyo. Mwanamume aliyeitwa nahodha na mkewe hakutaka aonekane ombaomba mbele yake.

Yeye akanyamaza kwa ajili ya haya. Na mkewe naye, kwa ajili ya haya, siku ya ngoma alipobaki peke yake chumbani akafungua kitambaa chekundu, akatoa elfu hamsini. Akajiambia mwani wake, aliokuwa akiulima pwani, uko juu ya kichanja unakauka, mnunuzi atakuja mwisho wa mwezi, atairudisha kabla kopo halijafunguliwa. Mvua ilikuwa inanyesha alipokuwa akijiambia hivyo.

*

Ngoma ilipigwa alasiri, kule Jibondo, uani kwa Bi Aziza, chini ya turubai. Wanawake walikuwa wamevaa sare moja, rangi ya embe bivu, wote kama waliotoka kwenye chungu kimoja. Mize peke yake alivaa kijora chake cha bluu, kilichofuliwa mpaka maua yake yamekimbia.

“Mize! Sare yako iko kwa fundi?” mmoja aliuliza kwa sauti.

“Fundi kaenda Hija,” mwingine akamjibu, wakaanguka kwa kicheko.

Mize naye alicheka. Alijua dawa ya maneno kama hayo ni kucheka wa kwanza. Angevumilia. Lakini Bi Aziza, kwa huruma, akaja kumkinga, na huruma yake ikachoma kuliko dhihaka.

“Mwacheni mwanangu,” alisema. “Si makosa yake. Nilimwambia mapema, mwanamume anayepima chumvi atakupimia na hewa. Hakusikia.”

Uwanja ukapoa. Wengine wakainamisha vichwa, kwa sababu kumdhihaki mwanamke ni mchezo, lakini kumvua nguo mumewe mbele ya watu si mchezo. Mize akaiona sura ya Hafidhi ukingoni mwa kitanda, shati lina chumvi, anasema Bi Hazina, gawa.

Mwali alikuwa ameketi kwenye kiti, amefunikwa, hina mpaka viwikoni. Mwanamke aliyemfunda alisimama kando yake akitangaza majina ya wanaotuza. Mize akainuka. Akacheza hatua zake taratibu mpaka mbele ya Warda, akatoa noti moja nyekundu ya elfu kumi, akaiweka kichwani. Akatoa ya pili. Ya tatu. Watu wakaanza kunong’ona. Ya nne. Ya tano.

“Oneni!” mtangazaji akapaza sauti. “Mize binti Matano, mke wa Hafidhi! Mekundu matano! Nani alisema? Aseme tena!”

Vigelegele vikapanda mpaka turubai likatikisika. Bi Aziza akamkumbatia huku analia. Hata aliyemtania kwa habari ya fundi alimtandikia mtandio wake apite juu yake. Wanangu, mimi sitawaficha: pale ilikuwa tamu. Aliyekaa na njaa mwaka mzima akisifiwa hadharani, hulewa.

Kwenye mkeka wa mbele alikuwa ameketi Bi Biubwa. Sare zote zilitoka dukani kwake, ndiyo maana alialikwa. Yeye hakupiga kigelegele. Mize alimwona, na wala hakuogopa. Alifurahi. Alitaka na huyu aone kwamba wao si ombaomba.

“Njoo, mwanangu,” Bi Biubwa alimwita.

“Shikamoo, Bi Biubwa.”

“Marahaba. Umetuza vizuri. Kakupa Hafidhi?”

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Angeweza kusema ni za mwani wangu. Angeweza kucheka akapita. Lakini masikio yalikuwa bado yamejaa lile neno la chumvi.

“Kanipa mume wangu,” alisema, na akalisema kwa sauti wengine wasikie. “Kaniambia niende, nisiaibike.”

“Mashallah,” Bi Biubwa alisema, akikunja ncha ya mtandio wake kidogo kidogo. “Mungu amzidishie.”

*

Asubuhi yake, nyumbani Utende, walikuwa wanakunywa chai. Safia alikuwa ameshakwenda shule. Mize alikuwa anatafuta njia ya kuanza kusema, kwa kuwa usiku mzima mvua ililowesha vichanja na alijua mwani wake umeharibika.

“Hodi hapa.”

“Karibu!” Hafidhi aliinuka. Alipomwona mgeni akaipangusa haraka mikono yake. “Shikamoo, Bi Biubwa. Karibu ndani. Mama Safia, leta kiti.”

“Sikai.” Nyuma yake walisimama vijana wawili wa uchukuzi na mti wa kubebea. “Mashine iko wapi?”

“Iko ghalani. Kwani…”

“Hafidhi, ulikuja kwangu ukakaa barazani ukanililia. Ukaniambia mwanao anakunywa chai kavu. Nami nikasema huyu ni mkweli, acha nimngoje. Kumbe ulikuwa unanicheza.”

“Wallahi sikukucheza.”

“Usiape. Jana mkeo kamwaga wekundu watano kichwani kwa Warda, mbele yangu. Nikamuuliza kwa mdomo wangu, kakupa nani? Akasema kanipa mume wangu. Mwanamke mzima, kwa sauti. Au kasema uongo?”

Hafidhi aligeuka akamtazama mkewe. Wanangu, kuna kutazamwa kwa hasira, na mtu huweza kuijibu. Yeye alimtazama kama anayesubiri asikie kwamba si kweli, ili aendelee kumpenda.

Mize hakuinua macho.

“Hakusema uongo,” Hafidhi alimwambia Bi Biubwa polepole. “Nilimpa mimi.”

“Basi.”

“Basi,” naye akasema, na akaenda mwenyewe kuwafungulia ghala.

Walipoibeba mashine ikininginia kwenye mti kama mnyama aliyechinjwa, majirani walitoka vibarazani. Bi Biubwa hakuwa mwanamke mbaya. Alipofika njiani alisimama akataka kurudi kusema neno, kisha akaendelea.

Hafidhi aliingia chumbani. Akalishusha kopo jekundu, akafungua kitambaa, akachungulia ndani. Akakaa ukingoni mwa kitanda, pale pale pake.

“Ningerudisha,” Mize alisema mlangoni. “Kwa mwani.”

“Mwani upi?”

Mvua ilikuwa ikiendelea.

“Walikusema, Hafidhi. Mamdogo alisema unapima chumvi. Nilishindwa. Nilitaka jina lako lisimame.”

“Jina langu.” Alicheka bila sauti. “Jina langu nililiuza kwa Biubwa siku ile, ili wewe na Safia muendelee kula. Nililiuza kwa bei nzuri. Wewe ukaenda kulinunua tena kwa elfu hamsini.”

“Kwa nini hukuniambia ulikwenda kumwomba? Ningejua, ningekatwa mkono kabla ya kulifungua hilo kopo!”

“Niliona haya.”

“Na mimi niliona haya!”

Kila mmoja alikuwa na haki yake mkononi, na haki mbili hazikuweza kulala kitanda kimoja. Kama Hafidhi angemkemea, Mize angelia, na baada ya kilio pengine wangeshikana mikono. Hakumkemea.

“Kwa nini umesema ni wewe ulinipa?” Mize aliuliza.

“Nikuite mwongo mbele ya watu? Wewe ni mke wangu.”

Wala hakulisema kwa upendo, wala kwa chuki. Alilisema kama mtu anayetaja anapokaa.

*

Mize alivuka kwenda Jibondo mchana huo huo. Alimkuta Bi Aziza anaosha masufuria ya karamu.

“Mamdogo, nimekuja na aibu yangu. Zile fedha. Nirudishie. Mashine imechukuliwa, nikizipata pamoja na zilizobaki koponi, nitampigia magoti Bi Biubwa.”

Bi Aziza akaacha sufuria.

“Mwanangu, hazipo. Sare zile nilizichukua kwa mkopo, na vyombo vya Warda. Ngoma ilipovunjika nikamkabidhi Biubwa palepale mkekani, na zako zikiwemo.”

Mize akakaa chini kwenye tope. Basi noti zake zilifika kwa mdai wake siku ile ile. Zilifika kwa jina la mtu mwingine.

“Na hata zingekuwepo,” Bi Aziza alisema, akimfuta machozi kwa mkono wenye majivu, “tuzo halirudi nyuma, huja mbele. Siku Safia wako akiwa mwali nitamtuza mara mbili. Kama sipo, atamtuza Warda. Hilo usiwe na wasiwasi nalo.”

“Safia yuko darasa la kwanza, Mamdogo.”

“Miaka huenda.” Akamvuta karibu. “Rudi hapa kwetu. Nilikwambia yule mwanamume…”

“Usimseme.” Mize alijinasua. “Tafadhali. Yote haya yametokea kwa sababu ulimsema.”

Ni hilo tu alilomwambia, na Bi Aziza hakulisahau.

*

Alipofika Utende jua lilikuwa limeinama kidogo na mvua imekatika. Hafidhi alikuwa amefunga begi. Mashua moja ilikuwa inakwenda dago upande wa Kilwa, maana wavuvi wetu huhamia fukwe za mbali wakapiga kambi huko kwa wiki nyingi, na walihitaji mtu wa kuzamia. Kazi hiyo aliikataa kila mwaka tangu aoe, kwa sababu ya kutotaka kulala mbali na mkewe.

“Unaniacha?”

“Sijakuacha. Nakwenda kutafuta.”

“Wanaokwenda dago wengine huoa hukohuko.”

“Wengine.”

Mize alishika mlango. “Nilikwenda kwa Mamdogo. Fedha hazipo. Anasema zitarudi Safia akiolewa.”

Hafidhi alimtazama, kisha akacheka, kicheko chake cha zamani, cha kashata. Moyo wa Mize ukaruka. Akasogea hatua moja, mkono umeshanyooka. Lakini kicheko kilikatika katikati, kama uzi, na alipouona ule mkono aliinama akalishika begi.

“Safia akirudi mwambie nimekwenda kazini. Fedha ya unga iko koponi. La shule usiliguse.”

“Sitaligusa.”

“Najua.”

Akasimama juu ya kigoda, akashusha kopo jekundu. Zilizobaki ndani akazimimina kwenye kopo la chakula, zote. Kisha akalifunga lile kopo tupu kwa kitambaa chake, akalipakata.

“Hilo unalipeleka wapi?” Mize aliuliza, na sauti yake ikapasuka. Asingelia kwa begi kama alivyolia kwa kopo. “Baba Safia, liache. Mashine imechukuliwa, hatudaiwi tena.”

“Biubwa hatudai. Mimi nataka mashine nyingine. Nitaanza upya.”

“Basi tuanze wote! Hilo ni kopo letu. Nani atakugawia?”

Alikuwa ameshafika uani. Alisimama, akiwa amempa mgongo, na shingo yake ile ambayo Mize alizoea kuipaka mafuta ya nazi ilikuwa imekonda.

“Ulipolichota hukuniita, Mize,” alisema.

Akaenda. Mize alisimama mlangoni mpaka Safia alipotokea njiani na mkoba wake wa shule, akikimbia kwa sababu alikuwa amemwona baba yake kwa mbali na alitaka kujua ndani ya kopo kuna nini.

“Mama, baba kabeba zawadi ya nani?”

Mize alimvua viatu. Akamnawisha miguu kwa kata moja ya maji, akipima kwa mazoea, asimwage hata tone. Kisha akapanda kwenye kigoda kile kile akayasogeza makopo mawili yaliyobaki, yakaribiane, ili lile pengo lisionekane.

Lilionekana.